Gauni la Harusi Mlangoni

Dada Annegret mpenzi,

Torben wangu ndiye mume mtamu kuliko wote Bremen! Zawadi yake ya harusi ni Doina, mbwa aliyeokolewa mitaani Romania. Lakini leo, akishuka garini, alichomoka kwenye ukanda wa shingoni akakimbilia upande wa barabara kuu. Nikamwita kwa kelele. Torben akanikemea:

“We Friederike, nyamaza! Kwa sauti hiyo hata mimi ningetoroka.”

Waliomleta kutoka Romania wanasema tuache mlango wazi, tutandike hapo nguo yenye jasho letu aifuate harufu, tukae kimya tukiupa mlango mgongo asituogope. Nimetandika gauni nililochezea dansi harusini. Naogopa, dada. Kila lori likipita nahisi limemkanyaga. Nakuandikia nisije nikapiga kelele.

Ngoja. Gauni linaburutwa, na pumzi yenye joto inanigusa kisigino. Sigeuki.

Mdogo wako,
Friederike wa Torben