Sindano Kumi na Jumba la Milango

Alhamisi, 4 Juni

Naandika nyuma ya daftari la vipimo, maana huku hakuna mteja anayefika. Na mume wangu hasomi vitu vyangu. Siku hizi hasomi kitu chochote.

Leo tukinywa chai kasema tutakwenda mjini. Siku tano! Tutafikia kwa dada yake, na Jumanne atanipeleka kuliona Jumba la Milango.

Nilibaki na kikombe hewani. Jumba la Milango ni lile la kwenye kalenda kuukuu iliyotundikwa juu ya cherehani yangu. Aliniahidi mwaka tuliooana, wakati huo bado nina kiuno. Miaka ishirini na mbili. Nilishaacha kudai.

Nikamuuliza kwa nini sasa. Kasema basi tu, mama, maisha yenyewe mafupi.

Basi tu! Mwanaume hasemi basi tu bure. Lisemwalo lipo, na hili halijasemwa bado.

Ijumaa, 5 Juni

Nimekaa na cherehani tangu asubuhi na sijamaliza hata mkono mmoja wa blauzi. Nawaza sindano.

Tangu tumeoana, kila jioni hunitungia sindano kumi na kuzichomeka kwenye kijimto, nikiamka nisihangaike. Pete sina zaidi ya ile moja, maua sijawahi kuyaona. Lakini sindano kumi, kila jioni, hata tukiwa tumenuniana. Akinuna anazitunga zote uzi mweusi, basi najua. Mwezi wa tatu akaacha. Nikauliza. Kasema amechoka. Kuchoka sindano kumi? Natunga mwenyewe sasa, na kila nikilowesha uzi mdomoni roho inaniuma.

Kazi nayo. Mji wetu mdogo wote unamwita Herufi, kwa sababu mabango ya maduka yote kayachora yeye kwa mkono. Mstari wake hauhitaji rula. Mwezi uliopita mwenye duka la dawa kalirudisha bango. Herufi zinapanda mlima! Neno la mwisho limekosa nafasi, likajikunja konani. Mkono ni ule ule. Akili ndiyo haipo. Na akili ya mwanaume isipokuwepo nyumbani, ipo kwa mtu.

Halafu saa kumi, nakunja nguo za safari, nikakuta karatasi kwenye mfuko wa shati lake. Mwandiko wa mwanamke. Makubwa hayo maherufi, kama bango: JUMATANO SAA NNE. GHOROFA YA KWANZA, NAMBA SITA. USICHELEWE. NITAKUSUBIRI KONANI.

Nimeirudisha mfukoni. Nimemwambia begi liko tayari.

Jumamosi, 6 Juni

Basi. Vumbi. Amenipa siti ya dirishani — yeye, anayegombea dirisha na watoto! Njia nzima ananiuliza naona nini huko nje. Nikamwambia naona miti. Miti gani, mama? Miti tu!

Wifi katupokea kituoni. Kanikumbatia muda mrefu mno, kama nimefiwa. Kwa nini anihurumie? Wifi yangu huyu hajawahi kunisifia hata mapazia niliyomshonea, leo ananipapasa mgongo.

Jumapili, 7 Juni

Nimesikia. Naapa nimesikia.

Nilikuwa bafuni, wao jikoni, ukuta wenyewe mwembamba. Wifi anamuuliza, umemwambia? Yeye anasema bado. Wifi: utamficha mpaka lini, atajua tu, yule si mjinga. (Asante, wifi.) Yeye anasema anataka kwanza nilione jumba. Siku moja tu ya furaha, kisha ataniambia yote.

Nikamwaga maji kwa kelele ili wajue nipo.

Kwa hiyo jumba ni la kuagana. Wengine huachwa kwa talaka mkononi, mimi naachwa kwa matembezi! Mwanamke wa konani sijui kama anajua kushona. Sijui kwa nini nawaza hilo. Nimelia kidogo nikaoga tena.

Jumatatu, 8 Juni

Jumba linafungwa Jumatatu. Tumetembea mitaani. Kanishika mkono. Hadharani! Nilijaribu kuuchomoa akaushika zaidi. Mwanaume akianza kukushika mkono baada ya miaka ishirini na mbili, kuna mahali ameharibu. Wifi hayupo, kaenda kazini. Sina cha kuandika zaidi. Nina hasira.

Jumanne, 9 Juni

Jumba!

Nimevaa gauni la kijani kibichi, lile analosema angeniona nalo hata sokoni siku ya mnada. Nikaona kama naachwa, niachwe nimependeza.

Kwa nje ni kubwa, la mawe, limejaa milango kama shati lililozidishiwa vifungo. Mwongozaji ni binti mcheshi mwenye viatu vinavyolia. Kasema aliyelijenga alikuwa tajiri wa chumvi, asiyemwamini mtu yeyote chini ya jua. Milango sitini na mmoja, inayokwenda mahali ni kumi na tisa. Mingine karibu yote ukifungua, ukuta. Kuna ngazi inayopanda mpaka darini ikaishia hapo, mwizi agonge kichwa. Viti vya mezani kavikata miguu, kila mgeni akae chini kuliko yeye. Kuna dirisha linalochungulia chumba cha ndani, awaone watumishi wakimsengenya. Nilimpenda mara moja. Mwenye wasiwasi mwenzangu!

Mwisho wake? Siku moja alifungua mlango wa uongo wa ghorofani, aliouweka mwenyewe, akasahau kwamba nyuma yake ni hewa tupu. Kavunjika nyonga, hakuinuka tena. Mchimba kisima huingia mwenyewe, nikasema kwa sauti, nikimtazama mume wangu. Hata hakushtuka.

Alikuwa na mambo yake. Juu ya kila mlango pana neno moja lililochorwa kwa rangi, herufi za kizamani zenye mikia: Subira, Kesho, Siyo Hapa. Yeye kila mlango anasimama, pua inakaribia kugusa ubao, kiganja kinapapasa rangi. Anamuuliza binti hii ni nyekundu au kahawia. Anauliza ngazi zina vipandio vingapi, kisha anahesabu chini kwa chini. Kwenye mlango wa Kesho nikamwona machozi yanamtoka. Kwa herufi! Mimi nilipojifungua mapacha hakutoa hata chozi moja.

Chumba cha mwisho ni cha nguo za mke wa tajiri. Mke huyo alifariki kijana, bwana akavivika magauni yake viwiliwili vya mti, kama vile vya kushonea, visivyo na kichwa, kimoja kila pembe. Mapazia yameshushwa, vitambaa visichuje kwa jua. Mimi fundi, ningefanyaje? Nikazunguka nyuma ya kabati, kwenye kiwiliwili cha pembeni, kukagua mishono. Mishono ya mkono, midogo kama chembe za mchanga, jamani!

Ndipo nikamsikia. Yuko kando ya dirisha, ameshika mkono wa gauni jingine la kijani, anasema kwa upole, sauti ambayo sijaisikia tangu watoto wakiwa wadogo. Mama, usininunie. Nimekosa kukuficha, lakini sijakuacha. Kesho nikirudi nitakwambia yote.

Nikatoka nyuma ya kabati. Anaongea na mti! Mti usio na kichwa!

Binti wa viatu akacheka. Wageni wakacheka. Yeye akageuka huku na huku, kisha akacheka kuliko wote, akasema wanaume lazima tufanye mazoezi. Chumba kizima kikapiga makofi.

Mazoezi! Kwa hiyo ni kweli, alikuwa anayapanga maneno ya kuniambia. Sikucheka. Njiani nikamwambia ningekuwa mti ningependwa zaidi. Alinishika mkono, nami nikamwachia aushike, kwa sababu wake ulikuwa baridi.

Lakini kuna jambo linanikera na siwezi kulikunja likakaa. Mimi nilikuwa nyuma ya kabati, na mtu anayefanya mazoezi angetazama kwanza kama nipo karibu. Yeye hakutazama. Alisema mama usininunie kama mtu aliyeniona. Miaka ishirini na mbili, hawezi kunitofautisha na kiwiliwili?

Jumatano, 10 Juni

Naandika benchini.

Saa tatu kasema anakwenda kutafuta brashi. Wifi alishatoka mapema, kazini eti. Nikahesabu mpaka hamsini nikashuka. Mpelelezi gani mimi, gauni ni lile lile la kijani, jingine halijakauka! Nikawa najibanza nyuma ya watu. Sikuhitaji. Hakugeuka hata mara moja. Alitembea kidole kikigusa ukuta, duka hadi duka. Barabarani alisimama mpaka watu wengine wavuke, akavuka katikati yao.

Konani mwanamke alikuwa anamngoja kweli. Nikafika karibu nimekunja ngumi.

Wifi.

Akamshika kiwiko. Wakaingia jengo la manjano, ngazi, ghorofa ya kwanza, nami nyuma yao. Mlango wa sita ukawafungukia ukafungwa. Juu yake pana kibao kimechapwa kwa mashine, herufi baridi zisizo na mkono wa mtu. KLINIKI YA MACHO.

Nimekisoma mara tatu. Nikakaa kwenye benchi lililo mbele ya mlango.

Sindano. Ee Mungu, sindano! Bango la duka la dawa. Miti gani, mama. Nyekundu au kahawia. Mimi nimekaa miezi mitatu namtafuta mwanamke, na mwanaume mwenyewe anapotea mbele yangu kidogo kidogo, kazi yake, herufi zake, uso wangu. Na mjinga huyu kanificha! Nitampiga. Nitampiga kisha nimbusu. Wifi naye nitamshonea mapazia mapya na sitamsemesha mwaka mzima.

Mlango umefunguka. Wifi katoka na cheti, kaenda dirisha la dawa mwisho wa ukumbi bila kutazama huku. Yeye katoka nyuma yake. Katiwa dawa ya matone, macho yamelowa. Kanitazama usoni. Mimi, kijani kibichi, hatua mbili.

Kasema, samahani dada, hapa pana nafasi?

Dada.

Sikuweza kujibu. Sauti angeijua. Nikaitikia kwa kichwa, halafu nikakumbuka haoni. Nikajisogeza, benchi likalia, akaelewa, akasema ahsante sana, ameketi. Nimetazama mbele. Naandika ili nisipige ukelele. Ananukia rangi na tapentaini kama siku zote.

Mkono wake umeshuka kwenye benchi kutafuta ukingo. Umeangukia pindo la gauni langu. Anataka kuutoa, aombe radhi — hajautoa. Kidole gumba kinapita juu ya mshono, polepole, kama jana kwenye milango. Mshono wangu, nyuzi alizotunga yeye.

Kidole kimesimama.

Wifi anarudi na dawa. Hajaniona. Mume wangu kalikunja pindo kiganjani, haliachii.