Mzizi Niliounyakua Mkekani

Nukuvesi,
Viti Levu, Fiji.
14 Juni 2019.

Mpendwa binamu yangu Isikeli,

Pokea salamu za watu wako wa pwani. Natumaini mgongo umepona na hayo machungwa unayochuma huko Mildura, Australia, hayajakumaliza. Je, unakula vizuri? Bado unalala na soksi kama mtoto mchanga? Sisi huku ni wazima wa mwili. Wa akili sijui, soma mwenyewe uamue. Mama yako hajambo, ila goti linamsumbua mvua ikinyesha, na bado ananikosoa ninavyokuna nazi. Kila maji yakitoka nashuka matopeni kuchimba chaza wa kula mimi na yeye, kama ulivyoniacha.

Hao chaza ndio sababu ya barua hii. Hoteli ya ng'ambo ya mto inataka kukata mikoko yote ya mlangoni mwa mto ili wageni wao waamke wakiiona bahari. Ikikatwa, tope la milimani litashuka moja kwa moja na kulifukia fungu la chaza, na mimi na mama yako tutabaki kula muhogo kwa chumvi. Hilo ndilo jambo lenyewe. Yaliyobaki ni vituko, lakini acha nikusimulie, maana nikivinyamazia vitanipandisha presha.

Wewe ulipoondoka, pale mlangoni mwa mto palikuwa na visiki tu, na maji yake rangi ya chai ya maziwa. Wanawake tukakubaliana tusikate tena kuni pale. Tukawafungia nguruwe, tukaibomoa ile njia ya mawe iliyokuwa ikizuia maji ya bahari kuingia. Tulifanya hayo tu, na mikoko ikaota yenyewe bila kupigwa picha. Siku hizi kaa wamerudi, korongo wamerudi, na maji yakijaa unasimama kwenye fungu unaziona kucha za miguu yako.

Sasa hoteli nayo ikagundua kwamba inaipenda bahari. Ilijuaje, sijui, labda iliambiwa na wageni wake. Wakaja na fulana za kijani zenye maneno ya mapenzi kifuani na viatu virefu vya mpira, ambavyo tope lilivimeza kabla hawajafika mbali, wakatembea na soksi. Wakapanda miche ya mikoko katikati kabisa ya fungu la chaza, mahali ambapo tangu dunia iumbwe hapajaota mkoko, kwa sababu maji hukaa pale muda mrefu mno. Wengine waliipanda kichwa chini. Nilimwona mama mmoja akiubusu mche wake kwanza, kisha akauchomeka majani yakiwa topeni, akageuka kupigwa picha.

Kijiji kizima kilikuwa kimesimama ufukweni, kila mtu akijua, na hakuna aliyefungua mdomo. Utaniuliza kwa nini, na jibu unalo. Walikuja na mzizi wa yaqona, wa kutwangia kinywaji cha heshima, umefungwa utepe, wakauweka mkekani mbele ya Nemani, na huyo Nemani, tangu awe msemaji wa chifu, hajawahi kuuona mzizi akazuia mikono yake. Akishaupokea, kijiji kimekubali, na mgeni uliyempokea humwambii kwamba anapanda kichwa chini, eti ni kukosa adabu. Miche ikafa. Tukaing'oa vijiti visituchome nyayo. Wakarudi na mingine, na mzizi mwingine, na Nemani akapiga makofi yake ya kupokea.

Nilimfuata nyumbani kwake.

"Mjomba, kwa nini huwaambii?"

"Mpwa wangu, wageni wamefurahi, wametupa kuku. Wewe umepungukiwa na nini?"

"Chaza."

"Si uchimbe pembeni."

Huyo ndiye anayetusemea. Akifa, Isikeli, sitamsukia mkeka wa kumzikia.

Jumamosi iliyopita wakaja kuomba lile walilokuwa wakilitaka siku zote. Meneja wao, Bwana Colby, alivaa shuka la sulu kiunoni, limefungwa vibaya mpaka nikamwonea aibu mimi. Akaketi, akaweka mzizi mkubwa kuliko yote iliyotangulia, akatoa hotuba. Alisema kwa kuwa wametupandia mikoko mingi sana, serikali itaona wamelipa mapema ile michache watakayoiondoa. Yaani miche iliyokufa ndiyo imewapa haki ya kukata iliyo hai. Na wanaume wetu, wenye akili zao timamu, wakatikisa vichwa kukubali kama watu waliosikia neno la Mungu.

Mimi nilikuwa nyuma, jikoni, namenya magimbi. Sikupanga lolote. Nilimwona Nemani akianza kukutanisha viganja, nikajua akishapiga makofi yale mambo yamekwisha. Nami si mtoto wa binti wa kijiji hiki? Mimi ni vasu, na vasu akitaka kitu cha wajomba zake hakuna wa kumwambia arudishe. Nikaingia na tope la asubuhi miguuni, nikaukanyaga mkeka wao mzuri, nikaunyakua mzizi, nikautupia begani, nikageuka kutoka.

Nemani alibaki mikono hewani. Kisha binamu zetu wakaangua kicheko, na Kelepi akanimwagia kata nzima ya maji mgongoni, kama ilivyo haki ya binamu kwa vasu anayenyakua.

"Mwizi wa wajomba huyo! Mpeni na bakuli akaogee!"

Bwana Colby akamwinamia Kelepi na kumuuliza kama hii nayo ni sehemu ya mila.

"Ndiyo, bwana," Kelepi akamjibu. "Ni ile sehemu ambayo mlikuwa hamjaonyeshwa."

Ombi lisilo na mzizi halijapokewa. Nilifurahi, sikufichi. Nilifurahi mpaka nilipofika mlangoni. Hapo Bwana Colby, bila hotuba sasa, akasema kwa sauti ya mtu anayeagiza chai: "Haidhuru. Isikeli ameshatukubalia kwenye simu. Si yeye ndiye mkubwa wa ukoo wenye pwani hii? Akirudi atasimamia boti za hoteli."

Mama yako alikuwa ameketi pale pale mlangoni. Watu wote wakamtazama yeye, hakuna aliyenitazama mimi tena. Alishika goti lake, akainuka, akaenda nyumbani.

Boti za hoteli, Isikeli. Nakuona na fulana ya kijani, unawazungusha wageni kuwaonyesha mahali walipokuwa wakiishi kaa. Utapendeza. Rangi hiyo inawafaa watu wasio na haya.

Lakini sijui kama ni kweli. Yule Colby akiniambia mvua inanyesha, natoka nje kwanza nikahakikishe. Nemani naye anaapa alikuwepo na alikusikia ukicheka kwenye simu. Wewe unacheka kila kitu, ulicheka hata siku nilipoanguka kutoka kwenye mnazi. Kicheko si ndiyo. Ila watu waliozoea kupokewa hawajui tofauti yake, na wewe ungepaswa kulijua hilo.

Watarudi mwezi ujao na jino la nyangumi, ambalo ni zito kuliko mzizi wowote na likishapokewa neno halirudi nyuma. Nemani ameshaagiza siku hiyo nikae jikoni na mlango ufungwe kwa nje, kwa hiyo mimi kazi yangu imekwisha. Neno lililobaki ni lako. Piga simu jioni watu wakiwa wamelizunguka bakuli la yaqona, Kelepi aishike juu, useme kila mtu asikie, kama ni ndiyo au hapana. Usimtumie mtu, na usicheke.

Shangazi Vasiti anakusalimu na anauliza kama huko kuna wanawake vipofu, maana bado hujaoa. Kelepi anakusalimu sana. Mchungaji Inoke anakuombea kila Jumapili, ingawa na yeye amekula kuku wa hoteli, tena mapaja.

Mama yako nimemwacha mwisho. Yeye hakutumi salamu. Tangu Jumamosi ile hali chaza. Nawapika kwa tui zito anavyopenda, naweka mbele yake, anaisukuma sahani kwa kidole, anasema yeye hali vya watu wa hoteli. Jana nikamwambia, mama, bado hujui kama kweli mwanao alisema ndiyo au hakusema.

Akaniambia, "Ndiyo maana sijalia."

Mungu akulinde huko mashambani, akuongezee nguvu za mgongo, na akupe ulimi wa kusema lile moja tu tunalolisubiri.

Mimi binamu yako, nikupendaye mpaka sasa,

Miliakere