Projekta ya Kumwonyesha Mama Uso Wako

Kwa Fundi Cherehani,
Nyuma ya Kinyozi,
Jumapili, 9 Agosti.

Mpendwa dada yangu, Kitindamimba wetu,

Pokea salamu nyingi kuliko vitambaa vilivyolala kabatini kwangu. U hali gani huko? Mgongo umepoa, au wagonjwa wa wodini bado wanakuhenyesha? Sisi huku wazima. Mimi ndiyo usiseme, leo natembea kifua mbele.

Nimenunua projekta! Ndiyo, mimi niliyeishia la sita.

Kwanza nikuambie kilichonisukuma, nawe usilie. Unakumbuka siku ile ulipopiga simu ya picha, mtandao ukasumbua, ikabaki sauti tu? Kioo kilikuwa cheusi kama kitako cha sufuria. Mama akakitazama, akatabasamu, akasema, "Mwanangu umenenepa, unang'aa!" Nikaganda. Kumbe siku zote hizo hakuoni, anakisia tu ili usivunjike moyo. Nikampeleka kwa daktari wa macho. Akasema kuyarudisha haiwezekani, ila kitu kikubwa chenye mwanga bado anakipata.

Nikasema, kama kosa ni udogo wa uso wako, basi tutaukuza.

Mfuko wangu unaujua, haujawahi kunenepa. Nikaenda dukani na wifi yako, muuzaji akaniletea kaprojekta kapya, kadogo kama boksi la viatu vya mtoto, bei ya kutupa. Akafunga mapazia, akaonyesha samaki wa rangi. Wifi yako akapiga makofi. Lakini mtu aliyeshona mapazia ya hoteli tatu anajua kitambaa hakichaguliwi kwa taa ya duka. Nikamwambia afungue mapazia.

"Mzee, hii mwanga wake ni namba kubwa kuliko zote, soma hapa kwenye boksi lake."

"Bwana we, Mama yangu hataangalia boksi."

Akafungua. Samaki wote wakafa! Nikachomeka flashi yenye video yako ya mahafali: uso mweupe, kama umepakwa unga.

Ya pili ilikuwa na mwanga, ila ilitaka chumba kirefu. Sebule yetu nilishaipima kwa futi yangu. Ningelazimika kuiweka jikoni, juu ya jiko.

Ya tatu ni kuukuu, ilitoka chuoni. Inavuma kama cherehani iliyokosa mafuta, lakini taa yake imebadilishwa majuzi, na picha inaenea ukuta wetu barabara. Mapazia yakiwa wazi, nililiona hata lile kovu la kidevuni ulilopata ulipojigonga kwenye cherehani yangu. Nikasema, funga mzigo.

Wifi yako akaguna, "Umeacha kipya, umebeba mzee mwenye pumu."

"Mzee mwenye pumu ndiye aliyekuoa, na hujajuta."

Kitambaa cha kuonyeshea nimeshona mwenyewe, cheupe, kizito, hakina kunjo hata moja. Waje wakaguzi na darubini.

Jana mchana nikamkalisha Mama, nikakuwasha kwa ile video uliyotutumia juzi. Akainuka, akasogea, kivuli chake kikakufunika, akarudi hatua moja. Akakutazama wee. Kisha akageuka, mkali kama zamani:

"Mtoto amekonda huyu! Nani alisema amenenepa?"

Mimi nilikwenda uani kupenga kamasi, nikasingizia vumbi la vitambaa.

Kaka yetu dereva anakusalimu, shangazi anakusalimu, wifi yako anasema pumu ya mzee ameshaizoea. Mungu akushike mkono katika kazi yako ya kushika mikono ya wengine.

Jumapili ijayo ukipiga simu, chana nywele, maana utakuwa mrefu kama mlango. Na ule ushibe kuanzia leo, dada yangu. Ule uongo wa "mimi mzima, msijali" umekwisha kazi. Mama sasa anaona.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye kwa kipimo kisichoishia kwenye futi,

Fundi