Dufu Lenye Kiraka

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini mgongo umetulia, na cherehani yako imeacha kukukatia uzi. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio haujakaa sawa tangu Jumanne. Naomba uketi kabla hujaendelea kusoma.

Unajua kazi yangu ni ya kamusi. Wiki hii nimepewa neno "dufu". Maana ya ngoma ya mkononi, iliyowambwa ngozi upande mmoja, niliimaliza asubuhi. Maana ya kitu kisicho na ladha, au mtu asiyefaa kitu, haikunisumbua; Kaka aliniita hivyo utoto mzima. Zikabaki sentensi za mfano. Kwetu ni marufuku kuzitunga. Mwenzangu huwaendea watu wenye kazi zao, huwasikiliza, kisha huandika kwenye kadi vilevile walivyosema, pamoja na tarehe na mahali.

Kadi ya tatu ilitoka kwa fundi wa ngoma, mwezi uliopita tu. Alisema: "Dufu langu la kwanza niliwaachia wanangu, lina kiraka cha ngozi nyeusi, mdogo alilitoboa kwa kijiko."

Mama, nilipigwa na butwaa. Si kijiko hicho kilichonipa jina? Na dufu si lile lililo juu ya kabati lako? Ulituambia Baba alikufa nikiwa na miaka minne. Tulilia, tukaamini.

Nilikwenda karakanani kwake siku ileile. Ni yeye, Mama. Ana masikio ya Kaka, yaleyale ya ungo. Nilipomtajia kijiko, ngozi aliyokuwa akiiwamba ilimponyoka. Alisema mligombana, akaondoka kwa hasira, na barua zake zote zilirudi bila kufunguliwa. Kisha akauliza, kwa woga, kama wewe hujambo.

Hapa ndipo ninapokuungamia. Nilimwambia umekufa. Nilikuwa na hasira naye, na wewe zaidi, likanitoka. Alikaa chini sakafuni, penye vipande vya ngozi, akalia kwa sauti. Nami niliondoka nikamwacha vivyo hivyo.

Sasa najua uongo huo ulivyo mwepesi mdomoni. Nimeshindwa kula, nimeshindwa kulala. Jumamosi narudi kwake kusema ukweli, na sitaaminiwa kwa maneno matupu. Njoo, Mama. Uje nalo dufu.

Nisalimie Kaka, hajui lolote bado. Majirani wote wape salamu zangu.

Ni mimi mwanao,
Kijiko