Palmer Ni Watu Gani

Ansab, Maskati
6 Januari 2024

Mjukuu wangu Taghreed,

Assalaam alaykum. Niwie radhi kwa kukaa kimya tangu Oktoba. Goti linaniuma kama kawaida na macho bado yanasoma, kwa hiyo sitasingizia ugonjwa. Barua yako niliipata, nikaisoma mara mbili, nikaitia ndani ya kitabu nikingoja ijijibu yenyewe. Haikujijibu. Wewe u mzima? Baridi ya Leeds unaistahamili?

Unasema unataka kuolewa na Mwingereza, Yusuf Palmer, fundi wa mashine katika hospitali unayofanyia kazi, aliyesilimu miaka minne iliyopita. Unasema anaswali na ana adabu. Hayo nimeyasikia. Lakini baba yako Musallam, Mungu amrehemu, hayupo, na walii wako ni mimi. Sitoi idhini kwa mtu nisiyemjua. Hapa Maskati ukimwuliza mtu jina lake, atakupa na la baba, na la babu, na la kabila, na kabla kahawa haijapoa umekwisha kumjua. Huyu wako ana majina mawili tu, na la kwanza kajipa mwenyewe.

Basi nieleze: Palmer ni watu gani? Jina lao limetoka wapi? Ni nani katika wao aliyejulikana, na kwa lipi? Niandikie, usinipigie simu. Neno la ndoa halisemwi kwenye simu.

Babu yako,
Saeed


Leeds
25 Januari 2024

Babu yangu mpenzi,

Wa alaykum salaam, na shikamoo. Mimi mzima, ila vidole vimekauka kwa baridi. Goti lipakwe mafuta ya habasoda, usilionee haya.

Nilipomwuliza Yusuf kabila lake alicheka. "Mwambie babu yako sisi ni kabila la mafundi bomba wa Hull." Nikamwambia babu hatacheka. Akasema, "Basi twende maktaba." Tulikaa huko Jumamosi nzima.

Palmer, babu, ni jina la mahujaji. Zamani Mkristo wa Ulaya akienda kuzuru Bayt al-Maqdis, Yerusalemu kwao, alirudi na kuti la mtende, ili watu wa kwao waamini kuwa amefika. Mtu huyo akaitwa palmer, mwenye kuti, na wanawe wakabaki na jina. Nilifurahi nilipoyasoma haya, nikaona utafurahi nawe.

Waliojulikana ni wengi. Yupo aliyekuwa mkuu wa majaji wa Uingereza. Yupo mchoraji aliyechora mashamba chini ya mwezi. Yupo Mmarekani bingwa wa gofu. Na yupo mwalimu wa Kiarabu wa Cambridge, aliyeifasiri Qurani kwa Kiingereza na akauawa Sinai mwaka 1882.

Baba yake Yusuf anaitwa Martin, na babu yake Harold. Zaidi ya hapo hawajui, wala hakuna aliyewahi kuwauliza.

Mjukuu wako,
Taghreed


Ansab, Maskati
17 Februari 2024

Mjukuu wangu,

Assalaam alaykum. Natumai hujambo. Sisi hatujambo, isipokuwa shangazi yako Jawaher, ambaye sukari yake imepanda na ulimi wake nao umepanda.

Habari za mahujaji zilinipendeza. Kisha Raghad, binti wa ami yako Ghanim, akanitafutia Palmer kwenye kompyuta, nikamkuta daktari. Alimuua rafiki yake kwa sumu, akanyongwa mbele ya umati mwaka 1856. Huyu katika barua yako hayumo. Kwa nini ulimwacha? Anayeficha mmoja huenda ameficha wawili.

Nilisoma kurasa zile alizonichapia mbele ya familia, Ijumaa, baada ya chakula.

"Muuaji," alisema Ghanim. "Basi imekwisha."

"Na wa kwetu waliokuwa wakiuza watu," alisema Jawaher, "hao tuwaweke wapi, ndugu yangu?"

"Wewe kula wali wako."

"Nshakula. Sasa nna nafasi ya kusema."

Hakuna aliyecheka. Ghanim ana khofu, na khofu yake si ya bure. Raghad ameposwa na nyumba kubwa, arusi ni Agosti, na watu wale huuliza kabla ya posa na huuliza baada yake. Ghanim anasema wakisikia tumemwoza binti yetu kwa mtu asiye na asili, watajitoa, na hatakuja mwingine. Raghad mwenyewe alikuwa akikusanya sahani. Aliziweka chini akatoka.

Sijakukubalia wala sijakukatalia. Nieleze habari ya daktari.

Babu yako,
Saeed


Leeds
3 Machi 2024

Babu,

Shikamoo. Nakuombea afya, na shangazi namwombea.

Daktari nilimwacha makusudi, kwa sababu nilijua utamhesabu. Nilikosea, niwie radhi. Lakini kosa langu kubwa lilikuwa kukujibu kana kwamba Palmer ni kabila. Si kabila. Jina hilo alipewa yeyote aliyerudi na kuti, kila kijiji na wake, na wengine walilipwa wakazuru kwa niaba ya matajiri. Yule daktari na Yusuf hakuna anayejua kama wana hata tone moja la damu ya pamoja. Hata yule mwalimu wa Cambridge si wa ukoo wake. Nilimwazima ili upendezwe.

Nna miaka thelathini na mmoja. Baba alipokuwa kitandani aliniambia, "Babu yako atakuozesha." Nikah ni Jumamosi, tarehe 20 Aprili. Hatuwezi kuiahirisha, maana mama yake Yusuf anapasuliwa Mei na anataka aione. Imamu wetu, Msomali, amesema walii akizuia bila ya sababu ya kisheria, yeye anaweza kusimama mahali pake. Sitaki asimame yeye. Nataka usimame wewe, japo kwa karatasi.

Ramadhani njema.

Mjukuu wako,
Taghreed


Ansab, Maskati
14 Aprili 2024

Mjukuu wangu Taghreed,

Assalaam alaykum. Idi imepita salama. Mwezi mzima nimefunga na barua yako. Ningeweza kukujibu siku ile ile, na sikufanya hivyo.

Sasa nakuandikia nisilowahi kumwambia baba yako. Tulipofika Maskati kutoka Unguja mwaka 1971, nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Tulikwenda kuandikishwa. Karani akamwuliza baba yangu, Zahor, "Kabila?" Baba hakuwa na kabila la kutaja. Mama yake alinunuliwa, na baba yake hakutajwa na mtu. Alilelewa katika nyumba ya kabila hili tunaloitwa, akiwaoshea vyombo. Wazee wawili wa nyumba ile walikuwa wametutangulia. Walisimama wakasema, "Huyu ni wetu." Karani akaandika. Tulipotoka nje baba alikaa kwenye ngazi, akaniambia nisiulize chochote, nami sikuuliza.

Nimelivaa jina hilo miaka hamsini na mitatu, na kila aliyekuja kuposa kwangu nimemwuliza asili yake. Wawili niliwarudisha. Mmoja wao alikuwa wa Jawaher. Hakuolewa hadi leo.

Sina sababu ya kisheria ya kumkataa Yusuf. Ndani ya bahasha hii mna hati ya uwakala: namfanya imamu wenu wakili wangu akuozeshe kwa idhini yangu. Majirani wawili wameishuhudia baada ya swala ya alasiri. Ghanim hajui. Haya ya baba yangu usimwambie mtu, hata mumeo, mpaka Raghad awe kwa mumewe.

Njooni Juni, Idi ya Mfunguo Tatu, mkae kwangu. Barua hii naipeleka posta mwenyewe leo, kwa rejista.

Babu yako,
Saeed


Leeds
2 Mei 2024

Babu yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai goti limepoa.

Barua yako ilifika Alhamisi, tarehe 25. Ndoa ilikuwa imefungwa Jumamosi iliyotangulia.

Wiki ile nilikupigia simu mara tatu, ingawa ulinikataza. Ami Ghanim ndiye aliyepokea zote. "Babu amelala," alisema. Mara ya mwisho ilikuwa saa tano asubuhi ya huko. Basi imamu akasimama. Katika cheti, mahali pa walii, pameandikwa jina lake, mtu niliyeonana naye mara nne. Nilimpelekea hati yako. Aliisoma, akaisifu, akasema ndoa yangu ni sahihi na haina haja ya kurudiwa. Hakuelewa kwa nini nalia.

Yusuf naye aliniuliza babu kaandika nini katika kurasa zile nyingine. Nikamwambia ni habari za goti. Sasa nna siku saba za ndoa nilizomficha neno, na nimekuahidi nitamficha mpaka Agosti.

Ami Ghanim ameniletea ujumbe. Anasema tusikanyage Maskati mpaka Raghad aolewe, na baada ya hapo tusikanyage mchana. Sijui kama alikuwa akitania. Yusuf anataka kuja hata hivyo. Ameshaanza kujifunza kula kwa mkono. Mimi sijui kama nitaweza kukaa katika baraza lako, mbele ya shangazi Jawaher, nikiyajua ninayoyajua.

Hatujaamua kama tutakuja. Tukiamua, nitakuandikia.

Mjukuu wako,
Taghreed