Hatamu ya Manyunyu

Kambini, upande wa kaskazini wa Ghuba ya Obi,
Mwezi wa Ndama, 1979.

Mpendwa mjukuu wangu Ilko,

Pokea salamu zangu kwanza, ndipo upokee maneno yangu. U mzima? Kile kikohozi kimepona, au bado unalala dirisha wazi kama mtu asiye na bibi? Unapata nyama huko Tyumeni, au ni kabichi asubuhi na kabichi jioni? Niambie kweli, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mimi nipo. Sisemi mzima, nasema nipo. Magoti yamegoma, jicho la kulia linaona ukungu, na mikono nitakueleza imefanya nini. Nimechoka, Ilko. Uchovu wenyewe si ule wa kulala ukaamka umekwisha. Ni uchovu wa hema lililofungwa na kufunguliwa hadi ngozi zake zimesahau zilishonwa wapi.

Baba yako mzima, mama yako mzima, dada yako Myusena mzima yeye na mdomo wake. Mama yako ndiye anayeandika, maana mimi kalamu sikuwahi kuishika. Watu wa shule walipopita mwaka ule kukusanya watoto, wazazi wangu walinifunika ngozi juu ya sleji ya kuburuzwa thelujini nikapita kama mzigo. Nimemwapisha mama yako aandike ninavyosema, asilainishe kitu. Ukiona mahali wino umelowa, ni yeye, si mimi.

Nina jambo moja la kukuambia, nalo linamhusu kulungu wako wa sleji, maksai Manyunyu. Nitalifikia. Usiruke mistari.

Babu yako tulimzika vizuri. Telegramu ilikufikia imechelewa, hukuja, hilo nimelimeza. Tulimlaza na sleji yake imepinduliwa. Msumeno wake na keekee yake ya upinde tukavivunja ili navyo vife, vimfuate. Maksai wake mkubwa, yule aliyemvuta hadi kaburini, akachinjwa akabaki naye palepale kama ipasavyo. Upepo ukipita kwenye pembe zake unasikia mluzi. Mimi nilisimama kidogo nikasikiliza, kisha nikaenda kuokota kuni, maana kuni hazingoji mjane.

Basi msafara ukabaki bila wa kutangulia. Katika kundi zima la kulungu wetu aliyekuwa na akili na kifua cha kuongoza sleji ya mbele ni Manyunyu peke yake. Lakini ile hatamu uliyomchongea ukiwa kijana, vile vipande viwili vya pembe vya kukaa mashavuni, ilikuwa ya kichwa cha mnyama mdogo, sasa inambana taya. Na hapa kambini nani achonge? Baba yako akirusha kamba ya kunasa kulungu haikosi, ila mpe pembe na kisu, atakurudishia vibanzi. Aliyekaa miguuni mwa babu akajifunza ni wewe.

Ndiyo maana tulikutumia zile pembe mbili kwa ndege ya barua. Uliziona zilivyokuwa? Za maksai, nzito, za msimu uleule, si zile zinazolala tundrani mpaka zikawa chaki na panya wakazitafuna. Mama yako akaandika: chonga hatamu ya Manyunyu, tunavuka ghuba kabla barafu haijalegea.

Ukatuletea chuma.

Nalisema bila hasira, hasira inataka nguvu. Mabamba mawili ya chuma, yamesuguliwa hadi unaona uso wako, na alama yako imechorwa kwa moto. Na barua juu yake: pembe inachelewesha, Baba, chuma hiki hakivunjiki maisha, na zile pembe nimezitundika ukutani, wenzangu wa kiwandani wanazisifu. Mama yako alipofika hapo alisoma mara moja tu, akaikunja.

Baba yako alifurahi kama mtoto. Akaizungusha hatamu hema kwa hema. Baba Nyaruy, jirani yetu, akaipima mkononi akasema, "Nzuri hii. Ingefaa kukaangia samaki."

"Wivu huo," baba yako akamjibu. "Mwanangu ni fundi wa chuma."

"Fundi ni fundi, sikatai. Shavu je? Umeliuliza shavu?"

Baba yako akaishonea kitambaa kwa ndani. Unajua, alijua. Hakutaka tu kujua.

Baridi kubwa ikaja. Kitambaa kikalowa kwa pumzi ya mnyama, kikaganda, kikateleza. Chuma kikashika shavu la kushoto. Baba yako alipoivua, ngozi ilitoka pamoja na manyoya. Manyunyu hakulia, hawa wetu hawalii. Alitetemeka tu. Toka siku hiyo akimwona baba yako ameshika kigwe, anajificha katikati ya kundi.

Kidonda hakikuniuma sana. Vidonda hupona. Kilichoniuma ni kwamba wewe ndiye mtoto aliyebandika ulimi kwenye shoka lililolala nje, nikakumwagia chai ya vuguvugu mpaka ukabanduka, ukalia hadi mbwa wakakuonea huruma. Leo umesahau chuma kinafanya nini kwenye baridi. Mtu halisahau hilo kwa kichwa, hulisahau kwa ngozi. Ngozi yako imekuwa ya huko, Ilko. Nililijua hilo kabla ya wote hapa, na nikazidi kuchoka.

Nikamwambia baba yako, nitachonga mimi.

"Mama, hiyo ni kazi ya wanaume."

"Nionyeshe mwanamume mwenye kisu, nimpishe."

Ni kweli mwanamke aliyeolewa na anayezaa hagusi vyombo vya sleji ya mbele wala haruki kamba ya kurushia. Lakini tumbo langu lilishafunga mlango zamani. Sasa mimi si mke wala mume, ni mzee, naruka kamba yoyote nitakayo, kama magoti yataniruhusu. Baba Nyaruy akapita akanikuta nimebana pembe kati ya mapaja, akacheka: "Mama mzee, leo hatamu, kesho utataka ndevu!"

Nikamwambia, "Ninazo tayari. Tena nimekushinda."

Pembe nilizitoa kwa maksai tuliyemchinja baridi ilipoanza. Ya kushoto nikaiwekea shavu la kushoto, ya kulia shavu la kulia, kwa sababu pembe ina mpindo wake, na ukibishana nao inapasuka. Nikaziloweka kwenye ndoo kando ya jiko hadi zikalegea, mama yako akinung'unika juu ya kuni (andika, Mama Ilko, ulinung'unika). Nikakata kule chini karibu na kichwa, mahali palipokomaa. Kule juu ndani yake ni laini kama mkate, hapafai kitu. Msumeno wa babu haupo, nikatumia ule wa mifupa ya supu. Keekee haipo, nikatoboa kwa msumari uliopashwa moto hadi ukawa mwekundu. Hema lote likanuka nywele zilizoungua.

Myusena akatoka nje anakohoa. "Bibi, unachonga au unajichoma?"

"Kama pua yako laini, nenda mjini kwa kaka yako."

"Nikienda, Manyunyu atakula mkate wa nani?"

Na kweli, yeye ndiye aliyelitibu lile shavu. Alilipaka mafuta asubuhi na jioni, akimwimbia vitu visivyo na maana, hadi mnyama akaanza kumfuata mlangoni na kuingiza kichwa ndani ya hema kama mgeni aliyesikia harufu ya chai. Kwa baba yako hakuja tena. Kwa Myusena alikuja bila kamba.

Kipande cha kwanza kilinikatikia karibu kinakwisha. Nikakaa tu, kisu kimelala mapajani. Nililia kidogo. Kisha nikaanza upya, vidole vimepasuka, nashika kisu kwa viganja. Nikakwangua kwa ndani mpaka kukawa laini, nikajipitishia shavuni mwangu mwenyewe nje penye upepo. Hapakuuma. Pembe haikuchomi kwa ubaridi. Inakugusa tu.

Sasa ndilo jambo lenyewe.

Alama ya mwenye mnyama huchongwa mwisho, kwenye kipande cha kushoto, pale kigwe kinapopita. Nilipofika hapo baba yako akasogea karibu.

"Chonga ya Ilko," baba yako akasema.

"Ilko yuko wapi?"

"Atarudi."

"Lini?"

"Mama, ni wake. Alipozaliwa tulimpa kulungu jike, bibi wa huyu Manyunyu, mbele ya watu. Ni uzao wake ule."

"Najua ni wake, nilikuwepo. Nakuuliza nani anatangulia barafuni."

Akachochea moto. Myusena alikuwa anashona kiatu, ameinamisha kichwa, lakini sindano haikwenda wala haikurudi.

Nikachonga ya Myusena.

Sikukuuliza. Mnyama wa mtu hutolewa na mwenyewe, hiyo ndiyo desturi, na nimeivunja macho wazi. Usingoje niombe radhi. Hatamu inayobeba alama ya mtu asiyekuwepo ni hatamu ya marehemu, na vitu vya marehemu sisi huviacha kaburini. Nimezika mume mwaka huu. Nilikataa kukuzika na wewe ukiwa hai unakula kabichi.

Tulivuka. Dada yako mbele, sisi sleji nyuma ya sleji. Katikati ya ghuba Manyunyu akasimama. Mbele yetu theluji nyeupe tu, safi, hakuna la kutisha. Nyuma watu wakaanza kelele, na Baba Nyaruy sauti juu ya zote: "Binti, umelala? Msukume huyo!"

Dada yako hakumsukuma. Alilegeza kigwe, akamwacha anuse. Kisha akavuta kidogo upande wa kushoto. Pembe ikagusa palepale penye kovu, na mimi nikafumba macho. Nilipofumbua, Manyunyu amegeuka, anatembea taratibu, na pembeni mwetu theluji ile safi imezama kidogo, maji meusi yanachungulia. Tuliuzunguka ufa ule wote. Hata ndama hakulowa mguu.

Tulipofika nchi kavu Baba Nyaruy alikuja akamtazama Myusena juu hadi chini. "Bahati," akasema.

"Bahati yangu ina pembe, mzee. Yako iko wapi?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Jioni alituletea samaki.

Baba yako hajanisemesha vizuri hadi leo. Anakula ninachopika, inatosha. Ikiwa nimemtia kinyongo, nitakufa bado anacho, lakini watu wake wako ng'ambo hii wote salama, na mimi sina nguvu ya kutaka zaidi ya hapo.

Kulungu wako wengine wote ni wako, hakuna aliyewagusa. Hata Manyunyu masikio yake yana mkato wa alama yako, na mkato wa sikio haufutiki. Shavu ndilo la dada yako. Ukitaka kukasirika, nikasirikie mimi, tena fanya haraka, sina misimu mingi ya kugombana nawe. Myusena usimwandikie neno kali. Hakuomba. Siku ile nilipomkabidhi hatamu alitoka nje nayo, hakurudi mpaka chai ikapoa.

Wala usirudi kwa aibu, aibu haifugi kulungu. Kama umewasha moto wako huko, kaa nao uote. Kama kuna msichana, mwambie nina maswali. Lakini ukiamka siku moja ukatutamani, njoo, usingoje barua. Myusena atakuja kukupokea kwenye uwanja wa helikopta. Kigwe hutashika. Utapanda nyuma yake, utanyamaza kama mgeni, naye atakuleta nyumbani.

Mama yako anakusalimu, na amelowesha karatasi tena. Baba yako hakutuma salamu, lakini ameingiza nyama kavu kwenye mfuko bila kuniambia, nimemwona. Myusena anasema uangalie kikohozi. Baba Nyaruy na nyumba yake wanakusalimu. Nawe nisalimie binamu yako Sevne mkionana huko, umwambie asikate nywele zote.

Anayetazama kutoka juu akutazame na wewe, hata chini ya mapaa ya huko. Miguu yako isikose joto, na mtu wa kukuuliza umekula asikose.

Mimi niliyekunyang'anya, na ninayekupenda kuliko alivyokupenda yeyote aliyekupa,

Bibi yako.