Mama Mkubwa Aliyetangazwa Angali Hai

S.L.P. 47,
Saltpond,
21 Machi 2010.

Mpendwa Kaka Fiifi,

Pokea salamu kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta una nafuu. Ule mguu ulioteguka kwenye barafu umepona, au bado unatembelea fimbo? Wifi Adjoa hajambo? Watoto je? Na watu wa ofisi ya wageni wamekupa jibu la karatasi zako, au bado wanakuzungusha? Mimi sijambo, kwa namna ya kusema. Presha ilipanda baada ya mazishi, sasa imeshuka, ila chumvi nimekatazwa, na wewe unajua samaki asiye na chumvi ana ladha gani.

Nimeona niandike badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungenikatiza, na mimi ningelia. Najua Mjomba Ebo amekwisha kukupigia akakwambia kwamba nimemwaibisha Mama kanisani mbele ya jeneza lake. Nilichosema kanisani nilikisema kweli, sikatai. Lakini hakukueleza yote, na tangu akupigie yametokea mengine.

Kazi ya kuandika wasifu wa Mama nilipewa mimi kwa kuwa ni mwalimu. Nilidhani ni kazi ya jioni moja: alizaliwa, alibatizwa, aliolewa, aliuza vitambaa, aliimba kwaya, ameacha watoto wawili na wajukuu. Nikataka kutia na habari za wazazi wake ili kijitabu kisiwe chepesi mkononi mwa watu. Kwa hiyo niliteremsha ukutani lile tangazo la kifo cha Babu Katekista, la gazeti la mwaka 1951, lililo kwenye fremu pale sebuleni. Wewe na mimi tumelipita tangu utoto bila kulisoma. Nilipofuta vumbi nikasoma: "Ameacha mjane na watoto: Aba Panyin, Aba Kakraba na Ebo."

Kaka, nilikaa chini. Mama tulimzoea kwa jina la Kakraba hata tukasahau kwamba maana yake ni pacha aliyetoka wa pili, na Panyin ndiye wa kwanza. Tulipouliza wa kwanza yuko wapi, tuliambiwa alikufa mchanga, hajaota hata meno. Sasa mtoto aliyekufa hajaota meno anaachwaje na baba aliyefariki Mama akiwa na miaka ishirini na mbili?

Nikaenda ofisi ya kanisa, nikaomba wanitolee wasifu wa Bibi uliosomwa alipozikwa mwaka 1968. Humo Panyin yumo, lakini upande wa waliotangulia: "alifariki akiwa mchanga." Yaani Babu anakufa, mtoto ni mzima. Bibi anakufa, mtoto yule yule amekwisha kufa tangu kabla ya Babu.

Nilimkuta Mjomba Ebo anakula kenkey barazani.

"Mjomba, Mama Mkubwa Panyin alikufa lini?"

Aliosha mkono, na sahani bado ilikuwa nusu.

"Alikufa mchanga."

"Tangazo la Babu linasema alikuwa hai."

"Tangazo! Wewe watu wa magazeti umeanza kuwaamini lini? Andika mama yako alizaliwa, akaishi, akafa. Hao wengine waache walale."

Sikuridhika. Nikaenda kwa Efua Mansa, yule rafiki wa Mama aliyekuwa akioka mikate nyuma ya kanisa. Sasa macho yake hayaoni, lakini akili iko pale pale. Nilipotaja jina la Panyin akasema, "Mama yako aliniapisha. Sasa amekufa, na kiapo chake amekwenda nacho. Kaa."

Alinieleza kwamba walipokuwa na miaka kumi na mitatu, Panyin alitokwa na mabaka shavuni na mgongoni. Siku moja alishika sufuria la moto, ngozi ikabanduka, na yeye akaendelea kuongea kama kawaida. Watu wa afya wakaja na lori wakamchukua hadi kambi ya wenye ukoma, kule bara. Majirani wakaambiwa amepelekwa Sekondi kwa shangazi yake. Miaka ikapita. Babu alipofariki bado alihesabiwa, maana Babu mwenyewe alikuwa amekataza jina lake lisiachwe. Kisha, mwaka 1953, ukoo wa Baba ukatoka Winneba kuja kumposa Kakraba. Unajua wenzetu wanavyopeleleza kabla ya kuoa: kuna wazimu katika nyumba hii? Kuna wezi? Kuna ukoma? Ingetosha mtu mmoja kwenda Sekondi kumuulizia yule pacha.

"Bibi yako akaamua," Efua Mansa akasema. "Wakamtangaza gazetini kwamba amekufa na amezikwa huko huko. Tukavaa nyeusi, maturubai yakafungwa, tukala, tukalia. Mimi nililia kuliko wote, maana nilijua yuko hai. Nyie mlipozaliwa ikasemwa alikufa mchanga, msije mkaulizia habari za Sekondi."

Nilikwenda Cape Coast kwenye jumba la nyaraka za kale, nikapekua magazeti mpaka vidole vikawa vyeusi. Nililipata. Mistari michache tu, chini ya tangazo la baiskeli: Aba Panyin Eshun, amefariki Sekondi baada ya kuugua kwa muda mfupi. Arusi ya Baba na Mama ilifuata mwaka ule ule. Mimi na wewe, Kaka, tumezaliwa nyuma ya tangazo lile.

Jambo moja halikuniacha nilale. Ikiwa alitangazwa angali hai, basi kifo chake chenyewe hakijaandikwa popote. Na huenda hakijatokea. Mama alikuwa bado mochwari tukisubiri siku ya mazishi, nami nikapanda gari kwenda bara kuulizia.

Kambi siku hizi ni kijiji. Waliopona zamani na hawakuwa na pa kurudi wamebaki pale, wamelima, wameoana, wamezikana. Nikaonyeshwa nyumba yenye kuku wengi. Alikuwa ameketi mlangoni, mikono ameificha ndani ya kitenge. Pua imeingia ndani, midomo imevutwa upande. Lakini paji la uso lilikuwa la Mama, na macho yalikuwa ya Mama. Nilikuwa nimetoka kumwacha Mama kwenye barafu, na hapa alikuwa ananitazama.

"Wewe ni wa Kakraba," akasema kabla sijafungua mdomo. "Umekuja na mabega yake."

"Ndiyo, Mama Mkubwa."

"Basi amekufa."

"Nani amekwambia?"

"Angekuwa hai angekuzuia kuja."

Nililia pale pale nikiwa nimesimama. Yeye hakulia. Alinitolea kigoda, akaniuliza majina yetu watoto, umri wetu, tunaishi wapi, tumezaa wangapi. Nikamtajia na wewe. Kisha akaniuliza, "Meno alikuwa nayo?"

"Alikuwa nayo."

"Yote?"

"Karibu yote."

"Mwizi huyo!" akasema, akacheka, na kinywani mwake halikubaki hata moja.

Nilimuuliza kama alipata kujua walivyomfanyia. Alijua. Mfunga vidonda wa kambi alikuwa akiletewa gazeti, na ndiye aliyemsomea. "Wenzangu walinitania mpaka mavuno," akasema. "'Marehemu, njoo uchote maji! Marehemu, uji umeiva!' Nililia siku ya kwanza. Siku ya pili nikaona njaa inauma vile vile, nikaenda kula."

Mama alikwenda huko mara moja tu, Kaka. Alikuwa na mimba, nadhani mtoto alikuwa wewe. Alisimama kwenye lango, hakuingia. Panyin akamwambia kwa mbali, "Rudi, utamtisha mtoto tumboni." Akarudi. "Alikuwa msikivu mno yule," akasema, akaizamisha mikono zaidi ndani ya kitenge.

Nilimwomba atusamehe. Akasema hapana. Hakusema kwa hasira. Alisema waliomkosea wote wamekwisha kufa, na sisi hatukumkosea, kwa hiyo msamaha hauna wa kupewa. Nikamwomba aje kumzika pacha wake, nitamtumia gari. Akakataa hilo nalo. "Nisije nikamharibia mazishi. Yangu mimi yalikwenda vizuri kwa sababu sikuwepo."

Basi niliandika kwenye wasifu kwamba Mama ameacha pacha wake. Mjomba Ebo akapata habari, akaenda kwa mchapaji, akaufuta mstari ule. Vijitabu vililetwa Ijumaa ya mkesha bila jina la Panyin. Nilipomfuata alinivuta nyuma ya nyumba.

"Una kichaa wewe? Mjukuu wangu Araba anakuja kuposwa baada ya Pasaka. Unataka wasikie nini? Kwamba damu yetu ina ugonjwa?"

"Ugonjwa wenyewe unatibika, Mjomba. Amepona zamani kabla sijazaliwa."

"Nenda ukawaambie wao hivyo!"

Ninamwelewa, Kaka, usidhani simwelewi. Alikuwa mtoto wa miaka mitano Panyin alipochukuliwa, na alichapwa kila alipotaja jina lake mpaka akaliacha. Lakini Jumamosi, niliposimama kanisani kusoma, sikukishika kijitabu. Nilishika karatasi yangu ya mkono. Nikasoma: "Ameacha pacha wake, Aba Panyin Eshun, ambaye yuko hai." Nyuma, Efua Mansa peke yake akaitikia "Amina" kwa sauti ya kipofu asiyejua watu wamemgeukia.

Gharama yake imelipwa, sikufichi. Ukoo wa kijana umeahirisha posa bila kusema sababu. Araba akiniona njiani anavuka upande wa pili. Ni mtoto mzuri, na hakuwa na kosa lolote, na sijui nimwambie nini. Kaburini watu walimpa mkono Mjomba, wakanipita mimi.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nishike kalamu. Mama Mkubwa Panyin alifariki mwanzoni mwa mwezi huu. Alilala mchana, akaitwa kula, hakuamka. Nilipata habari si kwa simu wala kwa mtu. Nilipata kwa bango. Watu wa kambi walichapisha tangazo lake la msiba, jeusi na jekundu kama la watu wote, wakaja mpaka hapa mjini kulibandika kwenye ukuta wa stendi ya magari. Yeye mwenyewe alikuwa ameshawaeleza waandike nini. Picha ni ya juzi juzi. Hakuwaficha uso. Chini yake pameandikwa: Aba Panyin Eshun, mzaliwa wa Saltpond. Ameacha watoto: Fiifi na Kuukua. Ndugu: Ebo. Na wenzake wote wa kijijini.

Nilifika stendi nikamkuta Mjomba amesimama mbele ya ukuta ule, kofia mkononi.

"Nani aliwapa jina langu?"

"Mwenyewe."

"Mimi nilikuwa mtoto mdogo. Atanikumbukaje?"

"Efua Mansa anasema alikubeba mgongoni mpaka siku lori lilipokuja."

Kisha akatoa ufunguo mfukoni, akaanza kulikwangua jina lake, taratibu, mpaka saruji ikaonekana. Machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka kwenye kola ya shati, na mkono haukusimama. Alipomaliza akausogeza ufunguo kwenye jina lako. Nikamshika kiganja. "La Fiifi mwache aamue mwenyewe," nikamwambia. Akavaa kofia, akaondoka.

Tulimzika kule kule kambini. Kutoka kwetu tulikuwa wawili, mimi na Efua Mansa niliyemshika mkono. Wenzake waliimba nyimbo za kanisa za zamani, zile za Babu, wakapeana zamu ya koleo, wengine wakilishika kwa viganja visivyo na vidole. Sikuruhusiwa kuchimba. Waliniambia mtoto wa marehemu hachimbi, anakaa kitini analia. Basi nilikaa kitini.

Ukoo unakutana baada ya Pasaka. Baada ya Mjomba kiti cha ukoo ni chako, wewe mtoto wa dada yake, kwa hiyo watakupigia simu kutaka neno lako: je, ukoo huu ulikuwa na Panyin au haukuwa naye? Mjomba ataomba kwa ajili ya Araba, na ombi lake lina uzito. Sikulazimishi. Nakuomba tu usijibu haraka.

Bango bado liko. Mvua hazijaanza. Vijana wa stendi wanaokujua huniuliza, "Mwalimu, huyu Fiifi si yule wa Ujerumani? Mbona juzi tulimzika mama yake, na leo yumo kwa huyu? Mama yake ni yupi hasa?"

Nawajibu, "Wote wawili."

Msalimie sana Wifi Adjoa, na watoto wote uwabusu kwa niaba yangu. Efua Mansa anakusalimu, anasema uvae soksi mbili. Mjomba Ebo hakunituma salamu, lakini nakupa zake pia, maana najua anazo. Mungu wa Babu Katekista akulinde na baridi na upweke huko uliko, na akufikishe nyumbani siku moja kwa miguu yako mwenyewe.

Ni mimi dada yako, nikupendaye leo kama jana,

Kuukua